Uteuzi wa kazi za ubunifu mtandaoni

Uteuzi wa kazi za ubunifu mtandaoni ni utaratibu ambao tovuti za maonyesho huutumia kuchagua kazi chache, miongoni mwa nyingi zinazopakiwa kila siku, ili ziwekwe mahali zinapoonekana na watu wengi zaidi. Mahali hapo panaweza kuwa ukurasa wa mwanzo wa tovuti, ukurasa maalumu wa kazi bora, au alama ndogo, kama vile nyota au utepe, inayobandikwa kwenye kazi yenyewe.

Tovuti za aina hii humwezesha mpiga picha, mchoraji, msanifu wa michoro au mtengenezaji wa tovuti kuweka jalada la kazi zake hadharani bila kukodi ukumbi wala kuchapisha kitabu. Mifano yake ni DeviantArt, Flickr, Behance, Dribbble, 500px na ArtStation. Wikimedia Commons, ghala la picha na faili nyingine linalohudumia Wikipedia, si tovuti ya jalada kwa maana hiyo, lakini kanuni zake za uteuzi zimeandikwa na mijadala yake inasomwa na yeyote. Kwa sababu hiyo ni mfano mzuri wa kueleza jinsi uteuzi unavyofanyika hatua kwa hatua.

Kuna njia kuu nne za uteuzi: wahariri, jopo la majaji, kura za wanachama na hesabu za kompyuta. Kila njia hupima jambo lake. Ndiyo maana kazi ileile inaweza kuteuliwa kwenye tovuti moja na kupita bila kuonekana kwenye nyingine.

## Sababu za kuwepo kwa uteuzi

Tovuti ya maonyesho haina ukuta unaojaa. Kila mwanachama anaweza kupakia kazi yake, na kazi mpya huisukuma chini ile iliyotangulia. Kama tovuti ingepanga kazi kwa kufuata wakati wa kupakiwa tu, kila moja ingekaa mbele ya watazamaji kwa muda mfupi sana, na mgeni angelazimika kupekua kazi nyingi za majaribio kabla ya kukutana na moja iliyokamilika.

Kwa hiyo uteuzi una faida kwa pande tatu. Mtazamaji hupata mahali pa kuanzia. Msanii aliyeteuliwa hupata watazamaji ambao asingewapata kupitia marafiki zake peke yake, na miongoni mwao huweza kuwemo mhariri wa gazeti, wakala wa matangazo au kampuni inayotafuta mfanyakazi. Tovuti yenyewe hupata sura: watu huifahamu kwa kazi inazoziweka mbele, si kwa zote inazozihifadhi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kwa msanii wa kujitegemea, tofauti ya kuonekana na kutoonekana inaweza kuwa tofauti ya kupata kazi ya malipo na kukosa. Wakati huohuo, wasanii wengi hawaelezwi kwa nini kazi yao haikuchaguliwa, na wengi wao hudhani kwamba kukosa kuteuliwa ni hukumu juu ya ubora wa kazi. Mara nyingi si hivyo.

## Historia

Uteuzi wa kazi za sanaa ni wa zamani kuliko intaneti. Nchini Ufaransa, maonyesho ya Salon mjini Paris yalianza mwaka 1667, na katika karne ya 19 jopo la majaji liliamua ni michoro ipi itundikwe. Michoro ilijazwa ukutani kutoka karibu na sakafu hadi dari, hivyo hata aliyekubaliwa aliweza kutundikwa juu mno, mahali ambapo jicho halifiki vizuri. Mwaka 1863 jopo lilikataa kazi nyingi kiasi kwamba malalamiko yalimfikia Kaisari Napoleon III. Aliagiza kazi zilizokataliwa zionyeshwe kando ili wananchi wajiamulie wenyewe. Miongoni mwa wachoraji wa maonyesho hayo ya "waliokataliwa" walikuwemo Édouard Manet, James McNeill Whistler na Camille Pissarro, ambao leo wanahesabiwa kati ya wachoraji muhimu wa karne hiyo.

Kwenye intaneti, DeviantArt ilianzishwa mwezi Agosti 2000 nchini Marekani na Scott Jarkoff, Matthew Stephens na Angelo Sotira. Ilijenga desturi ya kuchagua kazi kadhaa kila siku na kuziweka mbele. Flickr ilianzishwa mwaka 2004 mjini Vancouver, Kanada, na mwaka 2005 ikaanzisha ukurasa wa Explore, ambamo picha huchaguliwa na kompyuta. Mwaka 2004 pia ndio ulioanzishwa Wikimedia Commons.

Behance ilianzishwa mjini New York na Scott Belsky na Matias Corea, na mwishoni mwa mwaka 2012 ikanunuliwa na kampuni ya Adobe. Dribbble ilianzishwa mwaka 2009 na Dan Cederholm na Rich Thornett. Katika mwaka huohuo ilianzishwa 500px mjini Toronto. ArtStation, inayopendwa na wachoraji wa michezo ya kompyuta na filamu, ilianza mwaka 2014, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Epic Games.

## Njia za uteuzi

### Wahariri

Katika njia hii watu wachache, walioajiriwa au wanaojitolea, hupitia kazi mpya na kuchagua. Kwenye DeviantArt, wanachama wanaweza kupendekeza kazi za wenzao kwa wateuzi. Kazi ikichaguliwa huambatana na maelezo mafupi ya sababu ya kuchaguliwa na jina la aliyeipendekeza. Behance ina kikundi cha wateuzi wanaobandika utepe kwenye kazi walizozichagua na kuzipanga katika kurasa za fani mbalimbali, kama vile upigaji picha, usanifu wa michoro na uchoraji.

Faida ya wahariri ni kwamba jicho la binadamu linaweza kutambua kazi ya mtu asiye na wafuasi. Mhariri anaweza pia kutambua kazi iliyoigwa, au kuamua kwamba wiki hii ukurasa umejaa picha za mandhari na unahitaji kitu tofauti. Udhaifu wake ni kwamba wahariri ni wachache na macho yao yamezoea mitindo fulani. Mara nyingi pia haijulikani kama kazi iliyokosa ilitazamwa ikakataliwa, au haikutazamwa kabisa.

### Jopo la majaji

Njia hii inafanana na mashindano. Tovuti ya Awwwards, iliyoanzishwa mwaka 2009, huchagua tovuti nzuri zilizotengenezwa na wengine. Majaji hutoa alama katika vipengele vinne vyenye uzito tofauti: muundo asilimia 40, urahisi wa kutumia asilimia 30, ubunifu asilimia 20 na maudhui asilimia 10. Wastani wa alama ndio unaoamua.

Kuvitaja vipengele na uzito wake kunamsaidia msanii kujua anapimwa kwa nini. Tovuti yenye habari muhimu lakini sura ya kawaida haiwezi kupata alama za juu hapo, kwa kuwa maudhui ni sehemu moja tu ya kumi. Hilo si kosa la majaji: ndicho kipimo walichokubaliana. Jambo lingine ni gharama. Mwenye kuwasilisha tovuti Awwwards hulipa ada, kwa hiyo uteuzi huanza kwa wale walio tayari kulipa.

### Kura za wanachama

Hapa wanachama wenyewe ndio wanaoamua. Kura inaweza kuwa nyepesi, kama kubofya alama ya kupenda, au nzito, kama kuandika sababu za kuunga mkono au kupinga. Behance, kwa mfano, humwezesha mtazamaji kupanga kazi kufuatana na zilizopendwa zaidi, zilizotazamwa zaidi au zilizojadiliwa zaidi, mbali na zile zilizochaguliwa na wateuzi. Orodha hizo hazifanani, kwa kuwa kazi inayozua mjadala si lazima iwe ndiyo inayopendwa.

Dribbble ilitumia kura kwa namna nyingine: kwa miaka mingi mtu hakuweza kuonyesha kazi zake humo mpaka apate mwaliko kutoka kwa mwanachama. Uteuzi ulifanyika mlangoni, kabla ya kazi yoyote kuonekana. Utaratibu huo uliinua kiwango cha kazi zilizoonyeshwa, lakini pia ulimfaa zaidi mtu ambaye tayari alikuwa na marafiki ndani.

### Hesabu za kompyuta

Katika njia ya nne, programu hukusanya dalili za jinsi watu wanavyoipokea kazi, kisha huipa alama. Flickr imeeleza kwamba Explore huangalia wageni wa picha wanatoka wapi, nani anatoa maoni na lini, nani anaiweka picha kati ya azipendazo, na maneno ya utambulisho yaliyoambatanishwa, pamoja na mambo mengine yanayobadilikabadilika. Picha 500 huchaguliwa kwa kila siku. 500px nayo ilitumia alama iitwayo Pulse, ambayo kilele chake ni 100. Picha ilipanda ilipopendwa, kisha ikashuka kadiri muda ulivyopita ili kuzipisha picha mpya.

Algoriti haichoki na inaweza kupitia kila kazi. Lakini haioni picha kama mtu anavyoiona. Inachohesabu ni mwenendo wa watu waliokwisha kuiona. Kazi ambayo haikupata watazamaji katika saa za mwanzo haina dalili za kuhesabiwa, hata iwe nzuri kiasi gani.

## Mfano: picha teule za Wikimedia Commons

Wikimedia Commons hutumia kura nzito, yaani kura zinazopigwa hadharani na kuambatana na maoni. Picha iliyofaulu huitwa picha teule. Utaratibu wake ni kama ifuatavyo:

1. Pendekezo. Mtumiaji aliyejiandikisha hupendekeza picha, iwe yake mwenyewe au ya mtu mwingine. Mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mapendekezo zaidi ya mawili yanayoendelea kwa wakati mmoja.
2. Sifa za mwanzo. Picha inapaswa kuwa na leseni huria na ukubwa wa megapikseli 2 au zaidi, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kulegeza sharti hilo la ukubwa.
3. Kura. Upigaji kura huchukua siku 9. Mpiga kura anatakiwa kuwa na akaunti iliyodumu siku 10 au zaidi na kuwa amefanya mahariri yasiyopungua 50. Asiyetimiza masharti hayo anaweza kutoa maoni tu.
4. Matokeo. Picha hufaulu ikipata kura 7 au zaidi za kuunga mkono, na idadi hiyo iwe angalau mara mbili ya kura za kupinga.
5. Kanuni ya siku ya tano. Pendekezo ambalo kufikia siku ya tano halijaungwa mkono na mtu mwingine yeyote isipokuwa aliyelileta hufungwa mapema. Vilevile picha iliyopata kura 10 au zaidi bila kupingwa inaweza kupitishwa wakati huo.

Mfano wa hesabu unaonyesha kanuni ya nne inavyofanya kazi. Picha yenye kura 6 za kuunga mkono bila hata moja ya kupinga haifaulu, kwa sababu haikufikisha 7. Picha yenye kura 12 za kuunga mkono na 7 za kupinga haifaulu pia, kwa sababu 12 si mara mbili ya 7. Picha yenye kura 14 kwa 7 inafaulu. Kanuni hiyo inadai mambo mawili kwa pamoja: watu wa kutosha waijali picha, na wasiwe wamegawanyika mno.

Wapiga kura huangalia kwanza ufundi: kama kiini cha picha kinaonekana kwa ukali, kama mwanga umepimwa vizuri, kama kuna chembechembe zinazoharibu sehemu za giza, kama jengo limesimama wima au limepinda. Kisha huangalia mpangilio wa vitu ndani ya picha, na ule mvuto unaomfanya mtazamaji asimame. Ugumu wa kuipata picha pia huzingatiwa. Picha ya zamani yenye thamani ya kihistoria, au ya mnyama anayeonekana kwa nadra, inaweza kusamehewa kasoro ambazo zingeiangusha picha ya mnara unaopigwa picha kila siku.

Picha iliyofaulu huwekewa alama ya nyota na inaweza kuchaguliwa kuwa picha ya siku kwenye ukurasa wa mwanzo. Picha teule za mwaka mzima hushindanishwa kutafuta Picha ya Mwaka. Shindano hilo lilianza kwa picha za mwaka 2006, na mshindi wa kwanza alikuwa picha ya mianga ya kaskazini angani juu ya Alaska, iliyopigwa na Joshua Strang wa Jeshi la Anga la Marekani.

Uteuzi huo hauna mwisho kabisa. Picha teule inaweza kupendekezwa iondolewe, na kura hupigwa upya. Picha kadhaa zilizofaulu katika miaka ya mwanzo, wakati kamera za dijitali zilikuwa na uwezo mdogo, zimeondolewa baadaye kwa sababu kiwango kimepanda.

## Bahati na wingi wa kura

Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la *Science* utafiti unaosaidia kuelewa uteuzi wa kura. Walitengeneza soko la muziki mtandaoni lenye nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, na washiriki zaidi ya 14,000. Baadhi ya washiriki walichagua nyimbo bila kujua wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na ndani ya kila kundi mtu aliona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi.

Kama ubora peke yake ungeamua, makundi yote manane yangefikia orodha moja. Haikuwa hivyo. Wimbo uliovuma katika kundi moja uliweza kuwa wa katikati katika jingine. Nyimbo nzuri sana hazikushika mkia mara nyingi, na mbaya sana hazikuongoza mara nyingi, lakini kati ya ncha hizo mbili karibu lolote liliwezekana. Kadiri idadi ya upakuaji ilivyoonyeshwa waziwazi zaidi, ndivyo pengo kati ya nyimbo zilizopendwa na zisizopendwa lilivyokuwa kubwa, na ndivyo ilivyokuwa vigumu kubashiri zipi zitapendwa.

Jambo hilohilo linaweza kutokea kwenye tovuti ya jalada. Kazi iliyopendwa na watu ishirini katika saa ya kwanza husogezwa mbele. Kwa kuwa iko mbele huonwa na wengi, na kwa kuwa imeonwa na wengi hupendwa zaidi. Wa ishirini na moja hajui kama anaipenda kazi au anaufuata umati.

## Ukosoaji

Kubadilishana sifa. Pale kura inapoleta manufaa, watu hujifunza kuitafuta. Kwenye Flickr kulikuwa na vikundi vilivyomtaka mwanachama asifie picha mbili za wenzake kwa kila moja anayoiweka. Sifa za namna hiyo zinahesabika, lakini hazimwambii mtu chochote kuhusu picha.

Kufanya kazi kwa ajili ya kuteuliwa. Katika miaka yake ya mwanzo Dribbble ilionyesha kazi katika kijipicha cha pikseli 400 kwa 300. Mwaka 2013 msanifu Paul Adams aliandika makala yaliyojadiliwa sana, akilalamika kwamba wasanifu wengi walikuwa wakitengeneza michoro ya kuvutia wenzao badala ya kutatua shida za watumiaji. Kisanduku kidogo kinaonyesha rangi na umbo. Hakionyeshi kama mteja wa benki anaweza kutuma pesa bila kupotea njia.

Usiri. Tovuti nyingi hazielezi algoriti zao kwa ukamilifu. Sababu wanazozitoa ni kwamba kanuni ikijulikana yote itachezewa. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba msanii hawezi kujua kama amekosa kwa sababu ya kazi yake au kwa sababu ya saa aliyopakia.

Akili bandia. Mwezi Desemba 2022 wasanii wengi wa ArtStation walipakia picha moja ya kupinga michoro iliyotengenezwa na akili bandia, baada ya michoro ya aina hiyo kuonekana kati ya kazi zilizowekwa mbele. Kwa kuwa ukurasa wa kazi zinazovuma ulipangwa kwa kufuata mapokezi ya watu, picha ya malalamiko iliujaza ukurasa huo. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba algoriti haikujua tofauti kati ya kusifu mchoro na kuupinga uamuzi wa tovuti: vyote viwili ilivihesabu kama mvuto.

## Afrika ya Mashariki

Msanii wa Afrika ya Mashariki huingia katika tovuti hizi kwa masharti yaleyale, lakini baadhi ya masharti hayo yanamgusa kwa namna ya pekee.

La kwanza ni saa. Wengi wa wanachama wa tovuti zilizoanzishwa Marekani na Kanada wako katika saa za huko. Mpiga picha wa Dar es Salaam au Nairobi anayepakia saa 4 asubuhi, katika miezi ya kiangazi ya kaskazini, anapakia wakati New York ni saa 9 usiku na San Francisco ni saa 6 usiku. Kwenye tovuti inayopima mapokezi ya saa za mwanzo, kazi yake huzeeka huku sehemu kubwa ya watazamaji wamelala. Kwenye Wikimedia Commons tatizo hilo halina uzito, kwa sababu siku 9 zinatosha watu wa kila upande wa dunia kuiona picha.

La pili ni lugha. Tovuti nyingi za jalada huendeshwa kwa Kiingereza, na maneno ya utambulisho yakiandikwa kwa Kiswahili huwafikia wachache. Kwenye Commons, maelezo ya picha yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine, ingawa mjadala wa kura hufanyika zaidi kwa Kiingereza.

La tatu ni mada. Picha ya soko, daladala au ngalawa inaweza kuwa ya kawaida kwa mpiga picha na ngeni kwa mpiga kura, au kinyume chake: picha ya simba wakati wa machweo imeonwa na wapiga kura mara nyingi mno. Ili kuongeza picha za bara hili zinazopigwa na watu wake, lilianzishwa shindano la Wiki Loves Africa mwaka 2014, mada ya kwanza ikiwa upishi. Washindi wake huchaguliwa na majaji, si kwa kura za picha teule.

Kuna pia suala la haki. Msanii wa Behance anaweza kubaki na haki zake zote. Anayeweka picha Commons huitoa chini ya leseni huria: mtu yeyote duniani anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi afuate masharti ya leseni, ambayo kwa kawaida ni pamoja na kumtaja mpigaji. Nyota ya picha teule huleta heshima na watumiaji, lakini haileti malipo. Mtu anayeishi kwa kuuza picha hulazimika kulipima jambo hilo kabla ya kupakia, kwa kuwa leseni ikishatolewa haiwezi kurudishwa.

## Mambo yanayoongeza nafasi ya kuteuliwa

Hakuna njia ya uhakika ya kuteuliwa, lakini kuna mambo ambayo karibu njia zote huyazingatia:

* Picha ya jalada, yaani ile inayoonekana kabla ya kazi kufunguliwa, iwe inasomeka hata ikiwa ndogo.
* Kazi chache zilizokamilika huonyesha uwezo kuliko nyingi zilizochanganyika na majaribio.
* Maelezo yaseme kazi ni nini, ilifanywa wapi na nani alishiriki. Mradi wa kikundi utaje wote.
* Maneno ya utambulisho yalingane na kazi. Yasiyohusika humpeleka mtazamaji mahali asipotaka kwenda.
* Kazi iwe ya msanii mwenyewe, na vipande vya wengine vitumiwe kwa ruhusa. Kazi ya kuiba ikitambuliwa huondolewa hata baada ya kuteuliwa.
* Faili ipakiwe kwa ukubwa wake kamili pale tovuti inapodai hivyo, hasa Commons, ambako wapiga kura huikuza picha na kuikagua pembe kwa pembe.

## Maana ya kuteuliwa

Alama ya uteuzi husema jambo moja tu: kwamba kazi ilipita katika mlango fulani. Utepe wa wahariri husema kwamba watu wachache wenye uzoefu waliiona na wakaipenda. Alama za majaji husema kwamba ilifaulu katika vipengele walivyovipanga. Nyota ya Commons husema kwamba watu wasiopungua saba waliitetea hadharani na waliopinga hawakuzidi nusu yao. Nafasi katika ukurasa wa algoriti husema kwamba watu waliipokea kwa haraka siku hiyo.

Kwa mtazamaji, au kwa mwajiri anayepitia majalada, kujua mlango huo ni muhimu kuliko kuhesabu alama. Kwa msanii, kukosa kuteuliwa kunaweza kuwa na maana kwamba kazi ina kasoro, au haikulingana na kipimo cha tovuti, au ilipakiwa saa mbaya, au haikuonwa kabisa. Kati ya njia nne zilizotajwa, ni ile ya kura zenye maoni peke yake inayompa kwa kawaida jibu lililoandikwa, likimwonyesha ni sababu ipi kati ya hizo iliyomwangusha.